Viinitete Vinapohamishwa Mara Kadhaa Bila Mimba Kushika: Maswali na Majibu

Ni wakati gani daktari anaweza kusema kwamba viinitete vinashindwa kujishikiza mara kwa mara?

Kiinitete ni yai lililorutubishwa, hapa katika maabara, na kuanza kukua; huhamishiwa ndani ya mfuko wa uzazi ili kijishikize, na kila awamu ya matibabu huitwa mzunguko. Kwa miaka mingi kigezo kilichotumika zaidi kilikuwa hiki: mwanamke aliye chini ya miaka 40 awe amehamishiwa viinitete 4 au zaidi vyenye ubora mzuri, katika mizunguko isiyopungua 3, bila kupata mimba. Ni kigezo rahisi kukumbuka, lakini kinawapima kwa kipimo kimoja watu ambao nafasi zao hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana mwaka 2023 ESHRE, jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ilipendekeza kwamba daktari akadirie nafasi ya kila kiinitete kilichohamishwa, kisha aanze kutafuta sababu pale ambapo uwezekano wa jumla wa mgonjwa kuwa tayari amepata mimba umezidi asilimia 60.

Hesabu yenyewe inastahili kufanywa kwa kalamu na karatasi. Mwanamke ambaye kila kiinitete chake kina nafasi ya asilimia 40 huvuka mpaka huo baada ya viinitete 2 kushindwa, kwa kuwa uwezekano wa jumla umefika asilimia 64. Yule ambaye kila kiinitete chake kina nafasi ya asilimia 20, pengine kwa sababu ya umri, huuvuka baada ya kiinitete cha 5. Akiambiwa baada ya mara ya tatu kwamba mfuko wake wa uzazi unakataa viinitete, anaambiwa jambo lisiloungwa mkono na hesabu, kwa sababu kwa nafasi kama hiyo takriban watu 51 katika kila 100 hukosa mara tatu mfululizo bila kuwa na tatizo jingine lolote.

Kosa huwa ni la kiinitete au la mfuko wa uzazi?

Mara nyingi ni la kiinitete. Kiinitete kinaweza kupendeza chini ya hadubini na bado kikawa na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) pungufu au za ziada, na hali hiyo huongezeka kadiri umri wa mwenye yai unavyosogea, hasa baada ya miaka 35. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,400 waliohamishiwa kiinitete kimoja kimoja ambacho kromosomu zake zilikuwa zimepimwa na kuonekana sawa, ulikadiria kwamba takriban asilimia 95 kati yao wangepata mimba ndani ya majaribio matatu. Walioshirikishwa walikuwa na mfuko wa uzazi usio na kasoro na walikuwa wamefanikiwa kupata viinitete vizuri, kwa hiyo takwimu hiyo haimhusu kila mtu. Hata hivyo inaonyesha kwamba mfuko wa uzazi unaoshindwa kupokea kiinitete chochote ni jambo adimu kuliko wengi wanavyodhani.

Je, kusubiri hadi siku ya tano kuna faida?

Kwa mgonjwa mwenye viinitete kadhaa, mara nyingi ipo. Hadi siku ya pili au ya tatu kiinitete chenye seli 4 hadi 8 huendeshwa kwa sehemu kubwa na akiba iliyoachwa ndani ya yai, na ni katika hatua hiyo tu ndipo jeni zake chenyewe huanza kufanya kazi. Kile kinachofika siku ya tano kikiwa blastosisti, yaani kimetenganisha seli zitakazokuwa mtoto na zile zitakazokuwa kondo la nyuma, kimekwisha kupita kizingiti ambacho wenzake wengi hukwama. Pia wakati unaoana vizuri zaidi, kwa kuwa katika mimba ya kawaida kiinitete cha siku tatu bado kimo ndani ya mrija wa uzazi, hakijafika kwenye mfuko.

Mwenye viinitete viwili au vitatu tu anapaswa kuambiwa mapema kwamba huenda kisifike hata kimoja na uhamishaji ukaahirishwa.

Kwa nini tusihamishe viwili kwa pamoja, au kimoja siku ya tatu na kingine siku ya tano?

Baada ya kukosa mara kadhaa ombi hili linaeleweka kabisa. Mbinu ya kuhamisha kwa awamu mbili inatokana na wazo kwamba kiinitete cha kwanza huuandaa utando wa mfuko wa uzazi kukipokea cha pili. Zipo ripoti zinazoonyesha mafanikio zaidi, lakini tafiti nyingi zilikuwa ndogo, na baadhi zililinganisha waliopewa viinitete viwili na waliopewa kimoja, jambo ambalo si ulinganisho wa haki. Aidha, katheta, yaani mrija mwembamba unaobeba kiinitete, huingizwa mara mbili, na uwezekano wa mapacha hupanda. Mimba ya mapacha huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati na ya mama kupata shinikizo la damu la ujauzito.

Kwa maoni yangu, mwenye blastosisti mbili nzuri hupata karibu nafasi ileile ya jumla akihamishiwa moja, na nyingine ikagandishwa kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Anachopoteza ni muda. Kwa mwanamke mwenye umri mkubwa, ambaye viinitete vyake vina nafasi ndogo, mizani inaweza kuelemea upande wa viwili, na hilo ni la kujadiliana na daktari anayejua historia yake.

Kiinitete kibichi au kilichogandishwa?

Dawa za kuchochea mayai huinua homoni ya estrojeni kupita kiwango cha kawaida, na wakati mwingine projesteroni, homoni inayouandaa utando kupokea mimba, hupanda mapema, hivyo utando wa mfuko wa uzazi ukakomaa kabla ya kiinitete kuwa tayari. Ikiwa hilo lilionekana katika mizunguko iliyopita, kugandisha viinitete vyote na kuhamisha baadaye ni hatua yenye mantiki.

Hapo linafuata swali la namna ya kuuandaa utando. Kwa mwanamke anayepevusha yai kila mwezi, mzunguko wa asili una faida moja ambayo mara nyingi haitajwi: yai likishatoka, kifuko kilicholibeba hubaki kikitengeneza projesteroni na vitu vingine vinavyosaidia mishipa ya damu ya mama. Katika mzunguko unaoendeshwa kwa homoni pekee kifuko hicho hakipo, na hatari ya shinikizo la damu la ujauzito imeonekana kuwa kubwa zaidi. Katika mzunguko wa namna hiyo ni busara kupima projesteroni katika damu karibu na siku ya kuhamisha, kwa kuwa baadhi ya wanawake hawainyonyi vya kutosha kutoka kwenye vidonge vya ukeni, na kuongezewa kwa sindano ni rahisi.

Vipi kuhusu vipimo na tiba za nyongeza zinazotangazwa sana?

Kuukwaruza utando kabla ya kuhamisha kulijaribiwa kwa wanawake 1,364 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, na waliojifungua walikuwa asilimia 26.1 katika kila kundi, waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa. Kupanga saa ya kuhamisha kwa kipimo cha jeni za utando kulichunguzwa mwaka 2022, na waliojifungua walikuwa asilimia 58.5 kwa waliopangiwa saa na 61.9 kwa wengine. Tofauti hiyo si ya kutegemewa, na wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya kushindwa mara nyingi. Prednisoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ilipewa wanawake waliokwisha kushindwa, na matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha ongezeko la watoto waliozaliwa. Nashindwa kuona sababu ya kumuuzia mgonjwa kitu cha namna hii kwa hoja kwamba hakina madhara.

Ni nini basi kinachostahili kuchunguzwa?

La kwanza ni mirija ya uzazi. Mrija ulioziba na kujaa maji humwaga majimaji yake ndani ya mfuko wa uzazi, na kuuondoa au kuufunga kabla ya kuhamisha huongeza nafasi ya mimba. Ultrasaundi nzuri itafute polipu (kinyama laini), kovu, na fibroidi (uvimbe wa misuli ya mfuko) inayoingia ndani ya uwazi wa mfuko. Kipimo cha kamera inayoingizwa ndani ya mfuko si lazima kwa kila mtu: mwaka 2016 utafiti wa wanawake 702 waliokuwa wameshindwa mara 2 hadi 4, na ambao ultrasaundi yao ilikuwa safi, haukuonyesha faida. Maambukizi sugu ya utando yanaweza kutafutwa kwa kuchukua kipande kidogo, na hutibiwa kwa antibiotiki. Tezi ya shingo ipimwe, na wenzi wote wawili wanaweza kupimwa kromosomu.

Siku yenyewe, kuna jambo la kuzingatia?

Lipo, nalo husahaulika kwa urahisi. Daktari asome maelezo ya uhamishaji uliopita: je, shingo ya kizazi ilipitika bila shida, au ilibidi ivutwe kwa koleo? Kama ilikuwa vigumu, afanye jaribio kwa katheta tupu kabla ya siku hiyo. Katheta laini huongozwa kwa ultrasaundi, kibofu kikiwa na mkojo kiasi, na ncha yake husimamishwa sentimita 1 hadi 2 kabla ya kufika kwenye paa la mfuko. Baadaye mtaalamu wa maabara huirudisha chini ya hadubini kuhakikisha kwamba kiinitete hakikubaki ndani yake. Kikibaki, huhamishwa tena papo hapo.

Kulala kitandani baada ya hapo hakusaidii, na mgonjwa anaweza kuinuka mara moja. Dawa za projesteroni ziendelee kama zilivyoandikwa, hata matone ya damu yakionekana, hadi kipimo cha damu, ambacho kwa blastosisti huwa takriban siku 9 hadi 11 baada ya kuhamishwa.