Mpira Wenye Tope: Wapi Unaufuta, Wapi Unauacha

Masika yameingia Tanga, na kama kila mwaka meza ya kamati ya gofu imeanza kupokea malalamiko ya mipira yenye tope. Tunaamini wengi wenu hamna nia mbaya. Mkono tu umezoea kuufuta mpira.

Kwenye grini, yaani uwanja laini unaozunguka shimo, hakuna ugomvi: weka alama, inua, futa, rudisha. Sarafu ya shilingi 200 inatosha, ila iwekwe kabla mpira haujainuliwa na iondolewe kabla hujapiga. Ukipiga nayo ikiwa pale, pigo 1 la adhabu.

Shida iko nje ya grini. Juzi mchezaji aliokota mpira feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini), akausugua kwenye suruali, akaurudisha huku akilalamika kwamba tope si kosa lake. Kweli, si kosa lake. Lakini kuinua mpira bila kanuni inayokuruhusu ni pigo 1. Angeupiga kutoka pengine badala ya pale ulipokuwa, yangekuwa mapigo 2. Kwenye mechi ya shimo kwa shimo, ambamo kila shimo lina mshindi wake, kwa kosa hilo la pili shimo limekwenda.

Unaruhusiwa kuuinua ili kuutambua, kuangalia kama umepasuka, kama unamzuia mwenzako, au kuona kama umezama ardhini. Alama ni lazima, na kuusafisha hapana. Unapoutambua, futa pale penye alama yako ya kalamu tu; nukta zikionekana, kidole kitoke. Ikithibitika umezama kwenye kishimo ambacho mpira wenyewe umekichimba ulipoanguka, hapo unapata nafuu, yaani kuuhamisha bila adhabu, na kitambaa unaruhusiwa.

Kamati inaweza kutoa kanuni ya muda ya kuinua na kusafisha mpira feawei. Itabandikwa ubaoni, na itataja eneo na umbali. Isipobandikwa haipo, hata kama Jumamosi iliyopita ilikuwepo. Na tafadhali, “kedi ameniambia” (kedi ni mbeba fimbo zako) si kanuni. Kedi mwenyewe anaweza kuinua mpira wako kwenye grini bila kuombwa. Kwingineko lazima umruhusu, kila mara. Akiinua bila ruhusa, adhabu inaandikwa kwenye kadi yako ya mapigo; halipi yeye.

Ukiwa na shaka katika mashindano ya kuhesabu mapigo, maliza shimo kwa mipira miwili. Mwambie anayekuandikia kadi, kabla hujapiga tena, ni upi unataka uhesabiwe, kisha ieleze kamati kabla hujakabidhi kadi. Fanya hivyo hata kama mipira yote miwili imekupa alama sawa. Usipoeleza, unaondolewa.