Chama cha kitaaluma si chama cha wafanyakazi

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesomea fani hii, chama cha maafisa wa afya ya mazingira kina faida gani ikiwa hakijawahi kumwongezea mwanachama mshahara. Mshahara ni kazi ya chama cha wafanyakazi. Usajili na adhabu, katika nchi nyingi, ni kazi ya baraza lililoundwa kwa sheria. Chama cha kitaaluma kinalinda ubora wa kazi yenyewe, na kwa njia hiyo kinamlinda mwananchi ambaye hajawahi kukisikia.

Chukua klorini ya maji ya bomba. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Afisa akipima tangini, karibu na mahali dawa inapotiwa, kidonge cha DPD, cha kupimia klorini, kitayageuza maji kuwa ya waridi na fomu itajaa vizuri; akienda kwenye bomba la mwisho wa mtandao, ambako maji yamelala muda mrefu, huenda yasibadilike rangi hata kidogo. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ila kimoja tu ndicho kinachomhusu mnywaji. Sasa mwajiri, ambaye pengine ndiye mwenye mtambo wa maji, anapotaka kiandikwe cha tangini pekee, afisa asiye na chama hubaki na barua ya onyo mkononi na hana pa kushika. Chama chenye mwongozo ulioandikwa kinaweza kutamka hadharani kwamba alipima inavyopasa, na kauli ya wanataaluma wote si rahisi kuipuuza kama ya mtumishi mmoja.

Maadhimisho ya Siku ya Afya ya Mazingira Duniani, kila 26 Septemba, yaliyoanzishwa mwaka 2011 na Shirikisho la Kimataifa la Afya ya Mazingira, yana nafasi yake, lakini fulana na mabango havipimi maji.

Shaka yangu iko kwenye mafunzo endelevu. Tunahesabu saa za kukaa ukumbini na kuziita umahiri, ilhali mtu anaweza kuzitimiza zote bila kugusa kifaa. Ningependa kila mwanachama apime bombani mbele ya mwenzake kabla ya kuhuisha uanachama wake. Ni gharama, na viongozi wanaopigiwa kura na hao hao watakaopimwa hawaoni haraka ya kuanza.