Kuridhika katika Ukristo ni nini?

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Utauona mstari huu kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kalenda ya ukutani, kwenye ujumbe wa kumtakia mtoto heri ya mtihani. Wengi tunausoma kama ahadi ya ushindi. Ila Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na alichokuwa anakieleza ni kuridhika. Mistari miwili kabla, Wafilipi 4:11, anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Na hayo mambo yote anayoyaweza ameyataja mwenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vitu vingi na kupungukiwa.

Amesema "nimejifunza", maana yake hakuzaliwa hivyo. Neno la Kiyunani alilotumia, autarkes, Wastoiko, wanafalsafa wa Kiyunani wa kale, walilitumia kwa mtu anayejitosheleza, asiyemtegemea yeyote. Paulo amelichukua akaligeuza: yeye anatoshelezwa na Kristo, na wala haoni haya kupokea cha wenzake. Barua yenyewe, kwa sehemu kubwa ya sura hiyo, ni ya kushukuru. Epafrodito alikuwa amemletea msaada kutoka Filipi, na hata alipokuwa Thesalonike Wafilipi walimtumia zaidi ya mara moja. Tena si kwamba walikuwa nacho. Filipi ni mji wa Makedonia, na 2 Wakorintho 8 inasema makanisa ya Makedonia yalitoa yakiwa kwenye umaskini mwingi.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada katika usharika wa Kilutheri huko vijijini Tanzania. Asiye na noti analeta mayai matatu kwenye kibakuli, mkungu wa ndizi, au kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa ananyanyua kibakuli, watu wanapandishiana bei huku wakicheka, na mara nyingine mshindi analipa kisha anasema mayai yarudi, yanadiwe tena, au apewe bibi yule wa benchi la mbele. Aliyeyaleta hakungoja kwanza atajirike.

Mali si dhambi. 1 Timotheo 6 inakemea kupenda fedha, na matajiri inawaagiza wawe tayari kutoa.

Kinachoniuma ni neno hili la kuridhika kugeuzwa kuwa la kuwanyamazisha maskini. Mwajiri anayekalia ujira wa vibarua miezi mitatu, halafu akawahubiria kuridhika, Yakobo 5:4 inamjibu: ujira uliozuiwa unapiga kelele. Na yale maneno "mtoshewe na mshahara wenu", Yohana Mbatizaji aliwaambia askari, watu wenye silaha walioweza kumnyang'anya mnyonge alichonacho. Jibu lake, Luka 3:14, linaanza na "Msidhulumu mtu."