Je, wajua kwa nini mvinyo wa Madeira hauchachuki?

Divai ya kawaida ukiizibua leo, baada ya siku chache imeshaanza kuwa siki. Ya Madeira unaweza kuizibua Krismasi, ukaikuta Pasaka bado tamu.

Madeira ni kisiwa cha Ureno katika Bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Moroko. Merikebu zilizokwenda India na Amerika zilitia nanga hapo kuchukua maji, chakula na mapipa ya mvinyo. (Maneno hayo mawili, pipa na mvinyo, sisi wenyewe tuliyapata kwa Wareno.) Safari ndefu iliuharibu mvinyo, ndipo katika karne ya 18 ikawa desturi kuutia pombe kali ili udumu. Hadi leo kileo chake ni kati ya asilimia 17 na 22, na bakteria wa siki hawawezi kuishi humo.

Lakini pombe peke yake haitoshi kueleza ajabu hii. Mapipa yalikaa miezi tumboni mwa merikebu, yakivuka Ikweta katika joto kali. Yale yasiyouzwa yaliporudi kisiwani, watu walionja wakakuta mvinyo umekuwa bora kuliko ulivyoondoka! Wakauita vinho da roda, yaani mvinyo uliozunguka, na wafanyabiashara wakaanza kuyasafirisha mapipa makusudi ili yapate joto la baharini.

Siku hizi joto hilo hutafutwa nchi kavu. Mvinyo wa bei nafuu hupashwa katika matangi kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi 3. Ulio bora huwekwa darini, pipa likilala juu ya boriti chini ya paa lililochomwa na jua. Humo maji hupungua taratibu na hewa hupenya kwenye mbao, mwaka baada ya mwaka. Ule unaoitwa frasqueira hukaa kwenye pipa miaka 20 au zaidi.

Maadui wa divai ni joto na hewa, na huu umelelewa na hao hao, kwa hiyo chupa ikifunguliwa hakuna jipya la kuudhuru. Umimine kwenye glasi: rangi ni ya sukari iliyounguzwa kwenye sufuria, harufu ni ya karanga zilizokaangwa na ganda la chungwa. Utamu unatangulia, kisha ukali kama wa ndimu unausafisha ulimi. Ukali huo, unaotokana na zabibu za udongo wa volkano, ndio ninaoupenda kuliko vyote.