Meşk: muziki wa Waturuki uliofundishwa kwa kinywa na mapaja

Meşk, itamkwayo “meshk”, ni namna wanamuziki wa Milki ya Osmani walivyorithishana nyimbo: mwalimu anaimba, mwanafunzi anarudia, mpaka wimbo wote ukae kifuani. Jina walilitwaa kwa mafundi wa khati, ambako mwanafunzi hupewa mstari wa mwalimu aunakili tena na tena hadi mkono uzoee.

Aliyesoma Kurani chuoni ataelewa upesi. Kule nako husomi peke yako ukaja tu kutahiniwa. Unasoma mbele ya mwalimu, naye anakurudisha kila unapoharibu herufi. Wanamuziki wa Istanbul walisisitiza vivyo hivyo kwamba wimbo uchukuliwe kutoka kinywa cha mjuzi, fem-i muhsin kama walivyokiita.

Somo lilikwenda hivi. Mwanafunzi aliandika maneno ya wimbo tu, mahadhi hayakuandikwa. Mwalimu alitaja usul, yaani mzunguko wa mapigo, na mwanafunzi akaupiga kwa viganja juu ya mapaja: pigo la düm kwa mkono wa kulia, la tek kwa wa kushoto. Mapigo yalipotulia, mwalimu aliimba kipande cha kwanza na mwanafunzi akakirudia, mikono ikiendelea. Kikikaa, wakaingia cha pili. Mwishoni wimbo uliimbwa mzima, na palipolegea palirudiwa.

Kazi ya mikono hiyo huwapita wengi wanaoelezea meşk. Usul ya Sofyan ina mapigo 4 tu, hiyo haimsumbui mtu. Lakini Devr-i kebir ina 28, na Zencir, inayounganisha mizunguko mitano ya 16, 20, 24, 28 na 32, inafika 120. Nani ataimba huku anahesabu hadi 120? Mapigo yakishazoeleka mwilini, sauti ikipotea njia mkono unajua umefika wapi, na wimbo unaokotwa hapohapo. Kwa hiyo aliyejifunza mahadhi bila usul alihesabiwa kuwa hajajifunza wimbo.

Husemwa pia kwamba meşk ilitokana na kukosa nota. Si kweli. Ali Ufki, mzaliwa wa Poland aliyetumikia kasri la sultani, aliandika nyimbo kwa nota katikati ya karne ya 17. Dimitrie Cantemir, mwana wa mtawala wa Moldavia, alibuni nota za herufi akahifadhi vipande takriban 350 mnamo 1700. Baadaye Hampartsum Limonciyan (1768–1839), Muarmenia wa Istanbul, akatunga mfumo mwepesi uliotumika sana. Nota zilikuwapo, wengi hawakuona haja ya kuzifundishia. Nami naona walikuwa na hoja. Nota inakuambia sauti ipi ifuate ipi. Namna sauti inavyoteleza kutoka moja kwenda nyingine, au mahali pa kuvutia pumzi bila kukata neno, hayo utayapata kwa kumsikiliza mtu aliyeketi mbele yako.

Masomo yalifanyika katika shule ya Enderun ndani ya kasri la Topkapı, katika zawiya za Mevlevi, tarika ya Kisufi, kama ile ya Galata na ya Yenikapı, na sana majumbani mwa walimu. Kwa desturi mwalimu hakudai ada. Waturuki husema aşk olmayınca meşk olmaz, pasipo mapenzi hapana meşk, na mapenzi hayo yalipimwa kwa subira ya mwanafunzi.

Gharama yake ilikuwa kubwa mahali pengine. Mwalimu akifariki kabla ya kumpa mtu nyimbo alizozihifadhi, zimekwenda. Na wimbo mmoja ukipita kwa walimu wawili, huenda ukatoka na sura mbili, kila upande ukiapa kwamba wake ndio sahihi. Walichokuwa nacho ni silsila, mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi. İsmail Dede Efendi (1778–1846) alimfundisha Zekâi Dede (1825–1897). Zekâi Dede akamfundisha Rauf Yekta, pamoja na mwanawe mwenyewe Ahmed Irsoy. Zawiya zilipofungwa mwaka 1925, na mwaka uliofuata ufundishaji wa muziki wa Kituruki ukasimamishwa Darülelhan, shule ya muziki iliyoanzishwa Istanbul mwaka 1917, Yekta na Irsoy waliwekwa katika kamati ya kuandika nyimbo za kale kwa nota. Nyimbo alizorithi Irsoy kwa baba yake ndipo zikaingia katika karatasi.

(Wapenzi wa taarab ya Unguja wana chembe ya urithi huo: bashraf, kipande cha ala tupu, ni peşrev ya Waturuki iliyofika kupitia Misri.)

Sanaa za maonyesho hazitumii sana jina la meşk, husema usta na çırak, fundi na mwanagenzi, ila utaratibu ni ndugu. Katika Karagöz, mchezo wa vivuli, kijana huanza kama msaidizi nyuma ya pazia, akimpa fundi vikaragosi na kumpigia dufu. Washairi waimbaji waitwao âşık huanza kwa kuimba tungo za mabingwa waliotangulia, na jina la kishairi mara nyingi hupewa na fundi wao.

Katika vichekesho vya jukwaani kuna kavuk, kofia ya kilemba, ambayo mchekeshaji humkabidhi anayemwona anafaa. Kel Hasan Efendi alimpa İsmail Dümbüllü, naye Dümbüllü akampa Münir Özkul mwaka 1968. Ferhan Şensoy aliipokea mwaka 1989, Rasim Öztekin 2016, na Şevket Çoruh 2020. Özkul alikuwa mwigizaji wa tamthilia na sinema, si mwanagenzi aliyelelewa na Dümbüllü, kwa hiyo kofia hiyo isichukuliwe kama cheti cha kuhitimu. Muziki nao ulirudi madarasani Istanbul miaka ya 1970, ilipoanzishwa konsavatori ya serikali ya muziki wa Kituruki. Humo nota zipo mezani, na mwalimu bado anaimba kwanza.