Bigfoot Hayupo San Andreas: Yanayosemwa Mabandani na Yaliyomo Kwenye Diski

Ngamiani, Tanga, Jumamosi baada ya adhuhuri. Banda la gemu lina runinga tatu za chogo, feni moja ya mezani na benchi ambalo ubao wake umelainishwa na miaka ya suruali za shule. Mtoto wa darasa la sita ameshika pedi ambayo alama ya pembetatu imeshafutika, anaendesha pikipiki kuelekea msitu wa Back o' Beyond, ndani ya gemu ya GTA: San Andreas. "Wallahi anko, Bigfoot yumo. Uje usiku, mvua inanyesha, na usishike silaha." Bigfoot ni lile jitu la manyoya la hadithi za Marekani, linalosemwa limejificha msituni. Nilitaka kumkatalia papo hapo nikasita. Maneno yale yale, pamoja na mvua na silaha, niliambiwa mimi kwenye benchi kama lile karibu miaka ishirini iliyopita, na niliyaamini kiasi cha kumaliza hela ya madaftari.

Siku hizi kazi yangu ni kutengeneza mashine za gemu, na jioni nafungua mafaili ya gemu za zamani kuona kilichomo. Nimegundua kwamba mabandani tunatia kapu moja vitu visivyofanana kabisa. Kuna kilichofichwa makusudi na mtengenezaji. Kuna masalia ya kazi iliyokatwa. Kuna hitilafu ya programu. Na kuna uzushi, ambao haumo kwenye diski hata kidogo. Nitapitia dai moja moja kama ninavyolisikia.

"Bigfoot yumo, wewe hujamtafuta vizuri."

Hayumo. San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, toleo la kompyuta likafuata Juni 2005, na tangu hapo watu wamepekua mafaili yake moja baada ya jingine. Kiumbe ili atokee kwenye skrini lazima liwepo umbo lake, iwepo picha ya ngozi yake, na yawepo maagizo ya kuiambia programu atokee wapi na lini. Kwa Bigfoot vyote vitatu havipo. Video zinazomwonyesha zimetokana na modi, yaani mchezaji amepachika umbo jipya kwenye nakala yake. Kwa hiyo mtu mzima akikuapia kwamba alimwona kwa macho yake, usimwite mwongo; muulize nakala aliyoichezea aliitoa wapi.

Gari bovu linalotembea bila dereva kule msituni, hilo lipo kweli, na wengi tulilikimbia tukidhani ni jini. Programu huliweka gari hilo chakavu mahali penye mteremko. Likishatokea, fizikia ya gemu inalivuta chini kama mkokoteni uliosahauliwa kuwekewa jiwe.

Kinachonifurahisha ni kilichofuata. Mwaka 2013, katika GTA V, gemu ya mfululizo huo huo, watengenezaji wake Rockstar waliweka misheni ya kumwinda Bigfoot, inayofunguka kwa aliyemaliza gemu kwa asilimia 100, na ukimfikia unakuta ni mtu aliyevaa vazi la manyoya. Uvumi wa wachezaji uliingia kwenye gemu kupitia mlango wa mbele. Ermac wa Mortal Kombat, gemu ya kupigana, naye alizaliwa hivyo hivyo. Kwenye gemu ya mwaka 1992, ukurasa wa hesabu za mashine ulikuwa na neno ERMACS, kifupi cha sehemu iliyohesabu makosa ya programu. Watu wakasema ni ninja mwekundu wa siri. Mwaka 1995, katika Ultimate Mortal Kombat 3, akawekwa kweli, na mavazi yake mekundu.

"Hot Coffee ililetwa na wadukuzi."

Hapa ndipo penye somo kubwa, na ndipo watu wanapobisha zaidi. Juni 2005 Mholanzi mmoja, Patrick Wildenborg, alitoa modi ya San Andreas ya kompyuta, iliyoitwa Hot Coffee, iliyofungua kipande cha mapenzi baada ya mhusika kualikwa ndani kunywa kahawa. Mwanzoni kampuni iliwanyooshea kidole wadukuzi. Lakini watu wakachukua diski halisi ya PlayStation 2, wakaingiza namba za siri kwa kifaa cha chiti, na kipande kile kile kikafunguka. Diski ile haiandikiki upya. Kilichoonekana, ilitoka nacho kiwandani. Tarehe 20 Julai 2005 chombo cha Marekani kinachopanga umri wa wachezaji kikaipandisha gemu kutoka daraja la miaka 17 hadi la watu wazima tu, maduka makubwa yakaitoa kwenye rafu, na kampuni ikalazimika kutengeneza toleo jingine lisilo na kipande hicho.

Modi ya Wildenborg haikuongeza picha wala mwendo wowote. Ilibadilisha thamani moja tu iliyokuwa inasema "imefungwa".

Vijana huniuliza, kama hawakukitaka, si wangekifuta? Swali zuri, na jibu lake linaeleza karibu masalia yote unayoyasikia kwenye gemu yoyote. Gemu kubwa si vitu vilivyopangwa kandokando kama maandazi kwenye sinia. Mwendo wa mkono uliotengenezwa kwa tukio moja hutumiwa na tukio jingine. Jina la faili moja hutajwa na mistari ya programu iliyotapakaa sehemu nyingi. Ukilifuta wiki chache kabla ya diski kwenda kuchapwa, huenda mchezaji akiingia nyumba fulani skrini ikaganda, na hutajua mpaka wapimaji wairudie gemu nzima toka mwanzo. Muda huo haupo. Programa anafunga mlango, kazi inaendelea.

Nyumba za zamani za hapa Ngamiani ndivyo zilivyo. Chumba nilicholala utotoni kilikuwa na mlango uliozibwa kwa tofali. Fundi hakuubomoa ukuta kwa sababu ulikuwa umebeba kenchi. Aliziba, akapiga lipu, akapaka chokaa. Kwa macho huoni kitu. Ukigonga kwa ngumi unasikia pale mlio unapobadilika. Wanaopekua mafaili wanagonga kuta namna hiyo hiyo, na mara nyingi nyuma ya lipu wanakuta fremu iko palepale na bawaba zake.

"Roberto Larcos ni kosa la uandishi."

Tuliocheza Winning Eleven, gemu ya mpira ya Konami, tunamjua: beki wa kushoto wa Brazil, kichwa kipara, shuti la mbali, jina la Roberto Carlos limegeuzwa herufi. Tulicheka tukisema Wajapani hawajui kusoma. Konami walijua kabisa walichokiandika. Jina la mchezaji, nembo ya klabu na jezi ni mali inayolipiwa, na haki nyingi kati ya hizo zilishikwa na washindani wao wa gemu ya FIFA. Kwa hiyo kwenye matoleo mbalimbali Manchester United ikaitwa Man Red, Arsenal ikaitwa North London, na kuna toleo ambalo timu ya Uholanzi nzima iliitwa Oranges001, Oranges002, mpaka mwisho wa benchi. Castolo, Minanda, Ximelez na kipa Ivarov, unaoanza nao Master League, sehemu ya gemu ya kuongoza klabu, ni watu wa kubuni. Usimtafute Castolo kwenye kumbukumbu za ligi yoyote.

Sehemu ya kuhariri majina ilikuwa ndani ya gemu yenyewe, ruhusa kamili. Binamu yangu aliitumia wiki nzima ya likizo kuigeuza timu moja kuwa Coastal Union, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1988. Herufi moja moja kwa pedi, kulia mara tatu, chini mara mbili, bonyeza. Jezi nyekundu na nyeupe, mpaka rangi ya soksi aliitafuta. Alihifadhi kwenye memori kadi ya megabaiti nane. Siku ya tisa mtu akaichomoa kadi wakati taa bado inawaka, Wagosi wa Kaya wote wakapotea. Nimeona mtu akilia msibani kwa utulivu kuliko alivyolia yeye siku ile.

"Chiti ziliwekwa ili sisi tufurahi."

Nyingi ziliwekwa ili kazi iishe. Mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa Konami alikuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, na kila akiijaribu ilimshinda kwa ugumu. Akajiwekea mfuatano wa vitufe wa kumpa silaha zote: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ulipaswa kuondolewa kabla ya kuuzwa, ukabaki. Baadaye Konami wakautumia tena kwenye gemu ya Contra, na ndio ule uliotupa roho 30 kwenye kaseti za njano zilizoandikwa "gemu 9999 ndani ya moja". Hashimoto alifariki Februari 2020. Mabandani kuna watu waliokariri mfuatano ule kabla ya kukariri namba ya simu ya nyumbani, na jina lake hawajawahi kulisikia. Linastahili kujulikana.

"Dunia ya minasi moja ya Mario ni steji ya siri."

Ni hitilafu. Katika steji ya 1-2 ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ukijua kujipenyeza ukutani mwishoni, unafika kwenye bomba kabla gemu haijapakia taarifa za mabomba ya pale. Bomba linatumia taarifa zilizobaki kwenye kumbukumbu, linakupeleka dunia ya 36 ambayo haikutengenezwa. Gemu inapotaka kuandika 36 inachukua picha iliyokaa nafasi ya 36, na picha hiyo ni tupu. Kwa hiyo unaona nafasi tupu, kistari, kisha 1. Maji yale unayoogelea bila kufika mwisho ni steji ya kawaida ya majini iliyoitwa mahali pasipo pake.

Gemu nzima ile ina kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp jana inaizidi. Ndiyo maana mawingu na vichaka vya Mario ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

"Mew yuko chini ya lori."

Hii ni ya Pokémon, gemu ya kukamata viumbe, na Mew ni mmoja wa viumbe hao. Lori lipo karibu na meli ya S.S. Anne, chini yake hakuna kitu. Mew mwenyewe ndiye mwenye habari. Pokémon ya kwanza ilitoka Japani Februari 1996. Programu za kutafutia makosa zilipoondolewa kwenye kaseti mwishoni kabisa ilibaki nafasi ya baiti 300 hivi, na Shigeki Morimoto akamtia Mew humo. Baiti 300, herufi zisizojaza meseji mbili za simu. Mchezaji hakukusudiwa kumkuta. Kisha hitilafu zikaanza kumtokeza kwa baadhi ya watu, uvumi ukawaka, lori likapata umaarufu lisioustahili.

Luigi, ndugu yake Mario, katika Super Mario 64 ananitatiza zaidi, kwa sababu pale wavumishaji walikuwa na nusu ya haki. Kwa miaka mingi watu walisoma maandishi yaliyofifia kwenye sanamu moja ya bustanini kama "L is real 2401", wakaapa kwamba Luigi anafunguka. Hafunguki. Lakini Shigeru Miyamoto alishasema kwamba alipangwa kuwemo akakatwa, na Julai 2020 mafaili ya ndani ya Nintendo yalipovuja, vipande vya umbo lake vilikuwemo. Kwenye kaseti ya dukani hayumo. Kwenye meza ya kazi alikuwepo.

"Yai la Pasaka la kwanza ni la Warren Robinett."

Yai la Pasaka ndilo jina wanaloliita watengenezaji kwa kitu kilichofichwa makusudi. Robinett aliandika jina lake kwenye chumba cha siri cha Adventure ya Atari, iliyotoka 1980, kwa kuwa Atari haikuwa ikiandika majina ya waliotengeneza gemu zake. Nukta moja ya rangi ya kijivu, ukiibeba mpaka mahali fulani, inakufungulia jina la mtu aliyenyimwa jina. Namheshimu sana kwa hilo. Ila wa kwanza si yeye: mwaka 2017 ilibainika kwamba mashine ya gemu ya Starship 1 ya mwaka 1977 ukiifuata kwa mpangilio fulani inaandika "Hi Ron!", salamu kwa Ron Milner aliyeitengeneza.

Haya yote nilimweleza yule mtoto kipande kipande, huku zamu yake ikienda. Mwisho nikamwambia aachane na msitu, achukue jetpaki, aende mji wa San Fierro, apande juu kabisa ya nguzo ya daraja la Gant. Akapanda. Juu pale, mahali ambapo hakuna misheni inayokupeleka, kuna kibao. Akasogeza kamera, akasoma Kiingereza kwa kuvuta, neno moja moja, akaniomba nimfasirie. Nikamwambia kimeandikwa: "Hakuna mayai ya Pasaka huku juu. Ondoka."

Akakaa kimya, kidole gumba kimeacha pedi. "Kwa hiyo anko," akasema, "kuna mtu alijua nitakuja."

"Ndiyo," nikamjibu. "Mwaka 2004."