Jua linasingiziwa: joto la injini ya pikipiki hapa Malindi

Upepo wa kaskazi, ule wa miezi ya joto, ukishashika, maneno ninayoletewa gereji ni yaleyale: "Fundi, jua limeniulia injini." Jua linasingiziwa. Hapa Malindi mchana wa Julai hufika nyuzi 27 au 28, wa Machi 31 au 32. Tofauti ni nyuzi nne hivi. Kichwa cha silinda kikiwa kazini kimeshapita nyuzi 100 kitambo. Nne hizo haziwezi kukiua.

Moto umo ndani. Katika petroli unayoichoma, kama robo tu ndiyo inayosukuma gurudumu. Iliyobaki ni joto, jingine linatokea ekzosi, jingine linabaki kwenye chuma. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina rejeta wala maji ya kupoza. Zinategemea mapezi ya silinda, zile mbavu za chuma zinazotoa joto nje, pamoja na upepo na oili.

Na upepo wenyewe tunauziba! Kinga ya miguu ya turubai imefungwa mbele ya injini, gunia la makaa limening'inia mpaka ubavuni, tope la mto Sabaki limekaukia katikati ya mapezi. Kisha mtu anaingia njia ya mchanga kwa gia ya kwanza, na abiria wawili nyuma. Hapo injini itaungua hata alfajiri. Tope litoe kwa burashi na maji injini ikiwa baridi. Turubai nakuomba uivue kiangazi chote, hata kama vumbi litakupata.

Linaloniuma zaidi ni oili. Chupa ikiandikwa 20W-50, ile 50 ni daraja la uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani ikiwa kazini. Oili iliyochoka haibaki na uzito huo, na ikipungua, ile kidogo iliyobaki inazunguka bila kupata nafasi ya kupoa. Fuata daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na utafute kwenye chupa maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaoga ndani ya oili ya injini. Oili nyingine za gari zinaitelezesha, na klachi inayoteleza huzidisha joto. Pima kila asubuhi, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare.

Fungua na plagi. Ncha ya rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache kuliko hewa, na mchanganyiko huo huunguza. Kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, maana ukipasuka unavuta hewa ya wizi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa nayo hulipuka vibaya, utasikia injini inagonga ukivuta mzigo.

Ukiona pikipiki inapoteza nguvu na harufu ya kuungua inapanda, usisimame ukaiacha inanguruma, kwa kuwa hapo haipati upepo. Zima, isogeze kivulini, elekeza pua kaskazini mashariki kaskazi inakotoka. Usimwagie maji, ndugu yangu, hata watu wakikuhimiza. Chuma cha moto kikipoa ghafla upande mmoja hupinda au kupasuka, na kichwa kilichopinda hakikazi gasketi tena. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja kwenye silinda, kisha pima oili kabla ya kupiga kiki.